Uwanja wa majivu na hosteli ya wasichana

Barua ya msomaji

Dada mshauri, shikamoo.

Mimi ni mkufunzi katika chuo cha afya hapa Mwanza. Nina miaka 44, nina mume na watoto watatu. Nafundisha fiziolojia, na kwa miaka tisa sasa nimekuwa pia mlezi wa michezo. Kazi hiyo haina posho na wala sikuiomba. Nilikabidhiwa baada ya mtu kuona kwenye wasifu wangu kwamba nikiwa sekondari niliwahi kufika UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya taifa, mbio za mita 1500.

Nimepewa wiki tatu kuandika maoni ambayo sijui niyaandikeje. Mkuu wetu wa chuo anataka hosteli ya wasichana ijengwe pale ulipo uwanja. Bodi imetaka kwanza isikie neno la mlezi wa michezo, na mkuu ameniambia, kwa upole kabisa, kwamba anategemea nimuunge mkono. "Mwalimu," alisema, "hiki ni chuo cha taaluma, si kambi ya mazoezi. Na timu zenyewe kila mwaka zinashika mkia." Ni kweli, zinashika mkia. Wanatimu ni kama 40 hivi, na chuo kina wanafunzi 600.

Uwanja wenyewe ukiuona hutaamini kuna mtu anaukosea usingizi. Uko nyuma ya jiko, katikati ya majabali. Mita 400 haziingii, kwa hiyo njia yetu ya kukimbilia ni mita 280, na kona moja inalizunguka jiwe ambalo tingatinga lilishindwa kuling'oa. Kila muhula ukianza tunachora mistari kwa majivu ya jikoni. Tunayachekecha, tunayatia maji kidogo, mmoja anamimina kwa kopo lililotobolewa, wawili wanashika kamba. Kijiti cha kupokezana ni kipande cha bomba la maji kilichopigwa msasa. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi tunaanza upya.

Nilizaliwa upande wa Musoma. Marehemu baba alikuwa akinisimulia jinsi walivyojaa kwenye redio moja mwaka 1980, Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, alipochukua medali ya fedha ya mita 5000 kule Moscow. Baba hakuwahi kukimbia, ila hakunikataza. Mbio ndizo zilizonitoa kijijini: shule iliniona kwa sababu ya miguu, baadaye ndipo ikagundua kwamba na kichwa kipo.

Kwa hiyo ungetegemea niwe nimeshautetea uwanja zamani. Ningekuwa nimeshaandika, kama si binti mmoja.

Alitoka Ukerewe, akaja kusomea uuguzi. Mjomba wake aliuza injini ya mtumbwi ili alipe ada. Mita 800 alizikimbia kama mtu anayeteremka mlima. Mwaka jana mashindano ya vyuo yaliangukia katikati ya zamu zake za wodini, akasita kwenda. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimsimulia habari za Roger Bannister, yule mwanafunzi wa udaktari wa Uingereza aliyekuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4, mwaka 1954, na asubuhi ya siku hiyo alikuwa hospitalini kazini. Nikamwambia, kama yeye aliweza, wewe utashindwaje? Mkuu wa idara yake alikubali kwa mdomo kwamba zamu atazifidia. Tukaondoka. Pamoja na safari zilikuwa siku 11. Alishika nafasi ya pili, nafasi ambayo chuo chetu hakijawahi kuigusa.

Zamu hazikufidiwa. Alifuatilia mara mbili akaambiwa ratiba imejaa. Mtihani wa vitendo ukamwangusha, akarudia kwa sapu, akakosa alama chache, akadisko, yaani akaondolewa chuoni. Mimi nilijua matokeo yalipokwisha bandikwa ubaoni. Kwenye kikao hakuna aliyeikumbuka ile ruhusa ya mdomo, na mimi sikunyanyua mkono.

Mwezi uliopita nilikwenda Mwaloni, Kirumba, kununua dagaa. Nikamwona. Amekaa nyuma ya fungu, anapima kwa sado, anasawazisha juu ya kopo kwa kiganja, anaongeza ukufi wa nyongeza, anamimina kwenye mfuko wa mteja. Alikuwa amevaa jezi yetu ya kijani, namba 7 ya mgongoni imeanza kubanduka. Hakuniona. Niligeuka, nikapanda daladala, nikarudi nyumbani bila dagaa.

Na hosteli kweli inahitajika. Wasichana wetu zaidi ya nusu wamepanga mtaani, huko juu milimani. Zamu ya jioni ikiisha wanapanda vichochoro gizani. Mwaka huu wawili wameporwa simu, mmoja akasukumwa akavunjika mkono. Nikiutetea uwanja, najiona natetea kitu kilichomwangusha binti wa watu na kuwaacha wenzake gizani. Nikiunga mkono hosteli, najiona nafukia kosa langu chini ya zege. Nishauri, dada yangu. Niandike nini?

Mlezi, Mwanza


Jibu la mshauri

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale ulipopanda daladala bila dagaa. Nitaparudia.

Nikurudishie kwanza ulichoniambia, uone kama nimekusikia sawasawa. Bodi imekuuliza kuhusu kipande cha ardhi. Wewe unajiuliza kama mbio na mpira vina kazi yoyote mahali ambapo vijana wamekuja kujifunza kuhudumia wagonjwa. Na chini ya yote hayo kuna binti wa Ukerewe, ambaye bodi haijamuuliza mtu habari zake. Umeyafunga pamoja, na kila ukivuta uzi mmoja na mwingine unakaza.

Unaandika kwamba uwanja ndio uliomwangusha. Kwa maelezo yako mwenyewe, binti aliondoka akiwa na ahadi. Aliporudi akaifuata ahadi mara mbili, akarudishwa. Hapakuwa na karatasi hata moja. Sasa fikiria mwanafunzi aliyelazwa na malaria kali siku 11, akaahidiwa kwa mdomo hivyo hivyo, akaambiwa ratiba imejaa hivyo hivyo. Angetumbukia shimo lile lile, na hakuna ambaye angependekeza malaria ijengewe hosteli juu yake. Sisemi wewe huna sehemu. Unayo, na umeitaja bila kuzunguka: ulimshawishi, na kikaoni hukunyanyua mkono. Hayo ni mawili. La kwanza umelieleza kwa aya nzima. La pili umelipa sentensi moja, ya mwisho kabisa. Mimi nadhani hilo la pili ndilo linalokuamsha usiku, lakini wewe ndiye unayelala kwenye kitanda hicho, utanisahihisha.

Na hadithi ya Bannister, mwalimu, ulimsimulia nusu. Ni kweli, tarehe 6 Mei 1954 alifika kwanza hospitalini kwake London, ndipo akapanda treni kwenda Oxford na jioni akakimbia maili kwa dakika 3 na sekunde 59.4. Lakini yeye hakuacha wodi siku 11. Mazoezi yake aliyabana kwenye saa ya chakula cha mchana. Na mwaka ule ule aliachana na mashindano akashika udaktari, akaja kuwa bingwa wa magonjwa ya neva. Alikuwa na mpaka, na mpaka huo aliuchora mwenyewe. Binti yako alikuwa na miaka ishirini na kidogo, mbele yake amesimama mwalimu anayempenda na kumwambia anaweza. Nani angemchorea mpaka kama si watu wazima wa chuo, wewe ukiwa mmoja wao?

Hata Nyambui wa baba yako ana jambo la kutuambia hapa. Alikwenda Marekani akashindana kwa jina la Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, akakiletea mataji mengi. Vyuo vya kule vinapomtaka mkimbiaji vinajua vinamtaka kwa nini, na vina watu wa kumfuatilia darasani asije akapoteza sifa ya kukimbia. Una haki ya kuulaumu mfumo ule kwa mengi, lakini angalau deni linajulikana. Binti wa Ukerewe alilipa ada kwa injini ya mtumbwi, akakikimbilia chuo bure, akakiletea nafasi ya pili, na chuo hakikuona kama kinadaiwa kitu. Hilo linaniuma kuliko suala zima la uwanja.

Twende kwa mkuu wako. Simwoni kama adui wa michezo. Anasema jambo ambalo wakuu wa vyuo wamekuwa wakilisema kwa muda mrefu. Mwishoni mwa mwaka 1939 Robert Hutchins, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliifuta timu ya futiboli ya Kimarekani kwa hoja kama hiyo hiyo, ingawa miaka minne tu kabla yake mchezaji wa chuo hicho alikuwa wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya Heisman, ambayo ndiyo kubwa kwa wachezaji wa vyuo kule. Tena mwaka 1942, chini ya majukwaa ya uwanja wa timu hiyo, mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake walifanikisha mmenyuko mfululizo wa nyuklia wa kwanza uliodhibitiwa na binadamu. Mkuu wako akiusikia mfano huo ataupenda. Ila mweleze na sehemu iliyobaki: kilichofutwa ni timu moja iliyokuwa imegeuka tamasha la watazamaji. Michezo mingine ya wanafunzi iliendelea, na mwaka 1969 futiboli yenyewe ikarudishwa, safari hii kwa kiasi. Hutchins alikuwa na tamasha la kupunguza. Ninyi mna majivu na kipande cha bomba.

Kuhusu kushika mkia, sioni haya yoyote. Caltech, chuo cha sayansi na teknolojia cha California, ni mahali ambapo watu huenda kwa ajili ya fizikia na hesabu. Timu yao ya wanaume ya mpira wa kikapu ilifungwa michezo 310 mfululizo ya ligi yao, kuanzia 1985 mpaka Februari 2011, iliposhinda kwa pointi moja, 46 kwa 45. Miaka 26 ya kufungwa, na mwaka baada ya mwaka walikuwepo vijana waliofunga madaftari yao wakaenda kuvaa jezi. Chuo kiliwaacha wacheze, kwa sababu wachezaji walikuwa wanafunzi wake.

Lakini hapo ndipo ninapotaka kukubana kidogo. Umeniambia wanatimu ni 40 kati ya 600. Mkuu akiingia kwenye bodi na namba hiyo peke yake, atakuwa na hoja nzito, kwa sababu wale 560 nao wanalipa ada. Je, jioni isiyo na timu, uwanja unakuwa na nani? Wapo wanaokuja kutembea wakizunguka lile jiwe? Wasichana wako wangapi? Mara nyingi uwanja unaoitwa wa wote ni wa wavulana na mpira wao, wasichana wanakaa pembeni wakisubiri zamu isiyofika. Sijui kwenu ikoje. Chukua daftari, kwa wiki mbili kati ya hizo tatu uhesabu kila jioni. Na uhesabu upande wa pili vilevile: wangapi wamepanga mtaani, wanatoka zamu saa ngapi, wanapita wapi. Nikiwa kijana nilipanga chumba Mabatini, juu kabisa, na najua ngazi zile za mawe zinavyokuwa ikishafika saa mbili usiku. Ukishika ukuta unasikia moyo wako mwenyewe. Sitakwambia kwamba mbio ni muhimu kuliko msichana kufika nyumbani salama. Na yule aliyevunjika mkono hatasikiliza mfano wangu wa Caltech.

Hata hivyo, ninyi ni chuo cha afya. Mnawatuma vijana kliniki wakamwambie mama mwenye sukari na presha kwamba atembee, atoke jasho. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nesi mwanafunzi anayetoka zamu ya usiku na kurudi kukariri dozi atazipatia wapi hizo dakika, barabarani kati ya bodaboda? Swali hilo ni la taaluma. Wewe unafundisha fiziolojia, unaweza kuliandika vizuri kuliko mimi.

Niyapitie mawazo yaliyo mbele yako, kila moja na miiba yake.

Unaweza kuunga mkono hosteli moja kwa moja. Ukifanya hivyo kwa sababu umeona hesabu na umeridhika, hakuna wa kukulaumu, hata jiwe lile halitakulaumu. Ila uliza kwanza pesa ziko wapi. Nimeona misingi mingi mjini kwetu inayoota nyasi, nondo zimesimama na kutu. Uwanja ukichimbwa leo na ujenzi ukasimama kesho, wasichana watabaki milimani na mtakuwa mmeshapoteza pa kukimbilia.

Unaweza kuutetea uwanja. Hapo tayarisha jibu la giza, kwa sababu utaulizwa. Kuna sehemu nyingine ya eneo la chuo? Kuna uwezekano wa gari la chuo kuwashusha wa zamu ya jioni? Ukienda na mapenzi ya riadha peke yake utaonekana mtu wa UMISSETA anayelilia ujana wake, na wanafunzi watakuwa wamepoteza msemaji.

Lipo wazo la katikati: hosteli ijengwe, ninyi muombe kutumia kiwanja cha shule ya jirani jioni. Linavutia, nami nilitaka kulishika haraka haraka. Kisha nikakumbuka kwamba kiwanja cha kuazima unakitumia mwenye nacho akipenda, na kwamba wasichana wale wale watakuwa wanarudi kutoka mazoezini jua limeshazama. Labda asubuhi. Labda siku za mapumziko tu. Lifikirie, lakini usilipeleke kwa bodi kama dawa iliyokwisha pimwa.

Na unaweza kuwaambia kwamba wewe si mtu wa kuandika maoni haya, kwa sababu una jambo lako ndani yake. Ni njia ya heshima. Hatari yake unaijua: ulishakaa kimya mara moja, na huenda hii ikawa mara ya pili kwa sura nzuri zaidi.

Chochote utakachoandika, yale yaliyompata binti yanaweza kuingia kama sababu ya kuweka utaratibu. Ruhusa ya mashindano iwe kwa maandishi na sahihi ya mkuu wa idara, siku za kufidia zitajwe kabla basi halijaondoka, na anayekaribia mtihani wa vitendo asisafiri. Utaratibu huo utawafaa hata kama uwanja haupo. Kuuandika kunaweza kukugharimu, maana mtu atauliza kwa nini, na mwenzako wa idara ataona unamnyooshea kidole. Lakini habari ile ni ya binti. Usiipeleke mezani kabla hajakuruhusu.

Ndiyo maana narudi Mwaloni.

Kabla hujaenda, pita ofisi ya taaluma uulize kama aliyedisko ana njia ya kuomba upya, kwa masharti gani, kwa ada ipi. Uliza kimyakimya, bila kumtaja. Usimpelekee tumaini ambalo hujalikagua. Huyu ameshapewa ahadi ya mdomo mara moja. Kisha nenda asubuhi, mzigo wa visiwani ukiwa umeshashuka na wateja hawajawa wengi. Msalimie. Nunua sado yako. Anaweza kukukasirikia mbele za watu. Anaweza kukukaribisha kwenye kigoda kana kwamba hakuna kilichotokea, na hilo huenda likakuumiza zaidi. Anaweza pia kuwa ameshajipatia mtaji, hataki tena kusikia habari za wodi. Ile jezi sijui anaivalia nini. Inawezekana ni nguo ya kazi tu, haionyeshi uchafu. Usimsomee maana kabla hajasema. Mwambie ulichokisema kwangu, kwamba kikaoni hukunyanyua mkono.

Halafu kuna jambo moja ambalo barua yako haikuniambia: alipokuwa chuoni alikuwa analala wapi, bwenini au mtaani? Kama alikuwa amepanga, basi alikuwa akimaliza mazoezi pale kwenye majivu na kupanda kichochoro kile kile gizani. Hakuna mtu kwenye bodi yenu aliyepita pote pawili. Muulize angeandika nini. Kisha uniandikie, nitangoja.